Redio au runinga: tunampimaje mtangazaji bora wa mpira wa wakati wote?

Ubishi wa nani mtangazaji bora wa mpira wa wakati wote haujapata kukatika Arusha wala Moshi. Kwenye vijiwe vya kahawa vya Kaloleni na Majengo, waliovuka miaka 50 watakutajia sauti za redio, Ahmed Jongo, kisha Charles Hilary, na jina la tatu hawaliongezi mpaka walazimishwe. Vijana wanaojaza vibanda umiza vya Ngarenaro na Pasua watakutajia Baraka Mpenja wa Azam TV, na yule anayefuatilia Ligi Kuu ya England kwa Kiingereza ataongeza Peter Drury. Wazee wanasema vijana wanapenda kelele. Vijana wanasema wazee wanapenda ujana wao wenyewe.

Mimi naona pande zote mbili zinapima kazi mbili tofauti kwa fimbo moja. Kutangaza mpira redioni na kutangaza mpira kwenye runinga ni fani mbili. Na hata ukizitenganisha, redio bado inatoka mbele, ila kwa sababu ambazo wazee wenyewe huwa hawazitaji.

Tuanze na kazi yenyewe. Tarehe 22 Januari 1927, BBC ilitangaza redioni, kwa mara ya kwanza, mechi ya ligi ya England: Arsenal na Sheffield United pale Highbury, wakatoka 1-1. Mtangazaji alikuwa Teddy Wakelam. Jarida la ratiba za redio lilikuwa limewachapishia wasomaji mchoro wa uwanja uliogawanywa miraba minane yenye namba. Wakelam alipokuwa anaeleza mchezo, mwenzake alikuwa akitaja namba ya mraba ambao mpira umo. Mpango huo unaonekana wa kizamani, lakini walioubuni walikuwa wamekwishaelewa jambo ambalo watangazaji wengi wa leo hawalizingatii: asiyeona, kitu cha kwanza anachotaka kujua ni mpira uko wapi.

Radio Tanzania Dar es Salaam (RTD) ilirithi tatizo hilohilo na ikawa na la ziada. Arusha iko zaidi ya kilomita 600 kwa barabara kutoka Dar es Salaam, na kwa miaka mingi mechi ziliwafikia wasikilizaji wa mikoani kwa masafa ya kati na masafa mafupi. Masafa mafupi husafiri kwa kuakisiwa na tabaka la juu la anga, na tabaka hilo halitulii. Sauti hupanda, hushuka, hupotea kwa sekunde kadhaa, kisha hurudi. Msikilizaji wa Kibosho au Monduli angeweza kukosa sentensi mbili nzima katikati ya shambulizi. Mtangazaji aliyejua hali hiyo alilazimika kurudia: nani anao, yuko upande gani, anashambulia lango lipi, ni dakika ya ngapi, matokeo ni yapi. Vijana wakisikia kanda za zamani wanaona marudio hayo yanachosha, kwa sababu kwenye kanda sauti haikatiki. Msikilizaji wa wakati ule bila marudio hayo angekuwa amepotea.

Hapo ndipo ukubwa wa Ahmed Jongo unapoeleweka. Sifa yake haikukaa kwenye sauti peke yake. Alikuwa na uwezo wa kuuchora uwanja kichwani mwa mtu ambaye huenda hajawahi kuingia Uwanja wa Taifa, na kuuweka pale kwa dakika 90. Tido Mhando, ambaye baadaye aliongoza Idhaa ya Kiswahili ya BBC na kisha TBC, alipitia kazi hiyohiyo RTD. Juma Nkamia pia alitoka kwenye kipaza sauti cha michezo, akaenda bungeni na kuwa naibu waziri wa wizara iliyobeba michezo. Charles Hilary, aliyefariki Mei 2025, aliipeleka fani mbali zaidi: RTD, Radio One, Deutsche Welle, BBC, hadi Azam. Wengine wanamkumbuka zaidi kama Mzee wa Macharanga kwa muziki aliokuwa akiupiga, lakini kwenye mpira alikuwa na kitu adimu, utulivu wa matamshi mpira unapokimbia. Silabi ya mwisho ya jina la mchezaji ilisikika. Jaribu mwenyewe kutamka majina sita kwa sekunde tano bila kumeza hata moja, ndipo utajua kazi ilivyo.

Kaskazini tulikuwa na bahati nyingine. Masafa ya kati hayajui mpaka, na wa Rombo na Holili walio jirani na Taveta wangeweza kuinasa redio ya Kenya. Leonard Mambo Mbotela, aliyefariki Februari 2025, anatajwa sana kwa kipindi chake cha adabu na ungwana, lakini ni miongoni mwa sauti kubwa za mpira wa Afrika Mashariki. Baada yake Jack Oyoo Sylvester naye akajenga jina. Orodha ya watangazaji bora wa Kiswahili inayoishia Namanga ina kasoro.

Sasa upande wa pili, na unastahili kusikilizwa kwa uzito wake. Tanzania Bara ilikaa bila kituo cha runinga hadi miaka ya 1990. Leo Ligi Kuu inaonekana nyumbani, kwenye king'amuzi na kwenye simu. Mkataba wa haki za matangazo kati ya TFF na Azam Media wa mwaka 2021 ulikuwa wa miaka 10 kwa Sh bilioni 225.6. Mtazamaji anauona mpira, anaziona namba mgongoni, na matokeo yamekaa kwenye kona ya skrini muda wote. Kumwambia kwamba Yanga wanashambulia kutoka kusini kwenda kaskazini ni kumpotezea muda. Anachohitaji ni kile ambacho picha haina: maana, uzito wa tukio, hisia. Mpenja ameijibu haja hiyo kwa Kiswahili chenye mizani na sifa anazowavika wachezaji, na amewafanya vijana wapende lugha yao kupitia mpira. Hilo si jambo dogo. Mtoto wa Unga Limited anayeiga mtangazaji huku akicheza chandimu anajifunza msamiati ambao pengine shuleni hajafundishwa.

Tena ushairi si mgeni kwenye uwanja wetu. Uwanja mkuu wa Arusha umepewa jina la Sheikh Kaluta Amri Abeid, na huyo kabla ya kuwa waziri alikuwa mshairi mkubwa wa Kiswahili. Anayesema kwamba tungo hazina nafasi kwenye matangazo ya mpira ana kazi ngumu ya kujieleza mbele ya geti la uwanja huo.

Kwa hiyo swali si kama mtangazaji aruhusiwe kutunga. Swali ni lini. Jibu zuri kuliko yote lilitolewa Mexico tarehe 22 Juni 1986, katika uwanja wa Azteca, Argentina ikicheza na England kwenye robo fainali. Víctor Hugo Morales, raia wa Uruguay aliyekuwa akiitangazia redio ya Argentina, ndiye mwenye matangazo yanayotajwa zaidi duniani kwa ushairi wake: alilia, akamuuliza Maradona ametoka sayari gani. Watu wanalikumbuka swali hilo na kusahau kilicholitangulia. Sikiliza mwanzo wa lile shambulizi. Morales anasema mpira unakwenda kwa Diego, Maradona anao, wanamkaba wawili, anaukanyaga mpira, anaanza kuondoka kwa upande wa kulia. Aliyefumba macho anajua kila kitu anachohitaji kujua. Mshairi alijitokeza baada ya mpira kuingia wavuni.

Drury naye, ukimsikiliza kwa makini, anafuata utaratibu huohuo. Siphiwe Tshabalala alipofunga dhidi ya Mexico tarehe 11 Juni 2010 kule Soccer City, Drury alitangaza kwanza kwamba ni goli la Bafana Bafana, kisha la Afrika Kusini, kisha la Afrika nzima. Ngazi tatu, na ya kwanza ni taarifa. Kostas Manolas wa Roma alipoitoa Barcelona tarehe 10 Aprili 2018, ile kauli ya Roma kuinuka kutoka kwenye magofu yake ilikuja mpira ukiwa umekwishalala. Wanaomuiga huku kwetu wameyachukua maneno na kuuacha utaratibu. Matokeo yake ni tungo inayoanza winga akiwa bado hajapiga krosi, na krosi inapopigwa mtangazaji yuko katikati ya ubeti, hawezi kurudi. Goli linaingia bila jina la mfungaji. Kosa hili ni kubwa kuliko kukosea matamshi, kwa sababu mtazamaji aliyegeuka kidogo kuchukua soda amekosa tukio na hakuna aliyemwambia.

Kwenye runinga kuna kipaji kingine ambacho sisi hatukihesabu kabisa, nacho ni kunyamaza. Tarehe 13 Mei 2012, Sergio Agüero alipoipa Manchester City ubingwa kwenye dakika za nyongeza, Martin Tyler alilitaja jina moja kwa sauti ndefu, kisha akaacha uwanja uongee. Maneno yalikuja baadaye. Watangazaji wengi wa Kiswahili kwenye runinga wana hofu ya ukimya kwa sababu wamelelewa na redio, ambako sekunde tano za kimya humfanya msikilizaji adhani betri zimekwisha. Kwenye runinga sekunde tano hizo ni zawadi. Hapa lawama haiendi kwa vijana peke yao, maana hata baadhi ya wakongwe waliohamia kwenye skrini walikuja na mzigo wote wa redio, wakawa wanaeleza kurusha mpira ambako kila mtu anakuona.

Kiswahili chenyewe kina msaada na mtego wake. Kitenzi kimoja hubeba mtendaji, mtendwa na wakati: ameupokea, anampita, anaurudisha, umetoka. Hakuna haja ya kutaja mpira kila mara wala mchezaji kila mara, na ndiyo maana mtangazaji mzuri wa Kiswahili anaweza kwenda sambamba na gongagonga ya pasi fupi bila kukimbia. Mtego ni kuacha jina muda mrefu mno. Ukisikia anapiga, anapokea, anarudisha, anageuka, hujui tena kama wanne hao ni mtu mmoja au timu nzima. Kanuni inayofaa ni kutaja jina kila mpira unapobadilisha miguu, na kutaja jina la timu kila mpira unapobadilisha upande. Kuna pia msamiati wa kazi unaookoa sekunde: tobo (mpira kupitishwa katikati ya miguu), kanzu (kupitishwa juu ya kichwa), mtambaa panya (shuti la chinichini), ndani ya kumi na nane (eneo la penalti), kibendera cha kona. Neno moja, picha nzima.

Maandalizi ndiyo yanayowatenga wazuri na wa kawaida, na hapa hakuna tofauti ya redio na runinga. Orodha ya vikosi hutoka saa moja hivi kabla ya mchezo. Anayejua kazi haiandiki kwa kufuata namba za jezi. Anaipanga kwa nafasi za uwanjani, kipa chini, mabeki juu yake, mpaka washambuliaji, timu mbili zikitazamana kwenye karatasi moja, wachezaji wa akiba pembeni. Jicho likishuka kwenye karatasi linakuta jina mahali palepale mchezaji alipo. Kando ya jina anaandika alama ya mwili: rangi ya viatu, mtindo wa nywele, mguu anaoutumia, bandeji mkononi. Sheikh Amri Abeid una njia ya kukimbilia inayouzunguka, kwa hiyo jukwaa liko mbali na mstari, na mchezaji aliye upande wa mbali namba yake haisomeki, hasa mvua ya Aprili ikiwa imelowanisha jezi. Asiye na alama hizo atabahatisha, na akibahatisha mara mbili wasikilizaji wanaoijua timu yao watamzima.

Kipaza sauti nacho kina somo lake. Kile cha kushika mdomoni, kilichobuniwa BBC na bado kinatengenezwa, kina kipande kinachogusa mdomo wa juu ili umbali usibadilike, na hivyo kelele za mashabiki hazimezi maneno. Vya kuvaa kichwani vinafanya kazi ileile kwa njia nyingine. Kipaza sauti cha kawaida cha mkononi ndicho kinachoharibu: mtangazaji akiruka kwa goli anakisogeza, sauti inakuwa nyembamba, kisha anakirudisha karibu huku anapiga kelele na sauti inapasuka. Tatizo likizidi ni pale anapotangazia studio akiangalia skrini, bila kuwa uwanjani. Hapo anaona kile tu mpiga picha amechagua. Kibendera cha kuotea kilichonyanyuliwa nje ya picha hakioni, mabadiliko ya wachezaji anayapata yamechelewa, na tungo nyingi zinazosikika wakati huo ni za kujaza pengo. Kabla ya kumlaumu mtangazaji, ulizia kwanza alikuwa amekaa wapi.

Mechi inayoonyesha haya yote ilichezwa hapahapa Arusha: fainali ya Kombe la Shirikisho tarehe 2 Julai 2022, Yanga na Coastal Union, 3-3 baada ya dakika 120, Yanga wakachukua kwa penalti ingawa Abdul Suleiman Sopu alikuwa amefunga mabao yote matatu ya Coastal. Ubao wa matokeo ulibadilika mara sita. Abiria aliyepanda Hiace Bomang'ombe na kushuka Tengeru angehitaji kusikia matokeo ndani ya dakika mbili za kwanza, na abiria mwingine aliyepandia Usa River naye vilevile. Mtangazaji wa redio anayesubiri goli ndipo ataje matokeo anawaacha watu hawa gizani. Wa runinga hana deni hilo.

Jaribio la kumpima mtangazaji wa redio ni rahisi. Weka saa dakika mbili, fumba macho, sikiliza kisha jibu: mpira uko nusu ya nani, nani alikuwa nao mwisho, matokeo ni yapi, dakika ngapi zimekwenda. Akikupa yote manne, kazi ameifanya, na kinachobaki ni utamu. Wa runinga mpime kinyume chake: hesabu mara alizokuambia kitu ambacho umeshakiona. Zikizidi zile alizokuongezea kitu, punguza sauti.

Wengi Arusha hupunguza sauti kweli na kuwasha redio pembeni. Hilo lina kero moja, kwamba redio ya FM hutangulia. Picha ya king'amuzi hupitia kubanwa na kufunguliwa kidijitali na safari ya setilaiti, ikachelewa sekunde kadhaa, na ya intaneti huchelewa zaidi. Goli linasikika kipa akiwa bado ameshika mpira. Dawa ni kuisikiliza redio kwa programu ya simu yenye kitufe cha kusimamisha. Kipyenga cha kuanza kikilia redioni, simamisha, kisha ruhusu kipyenga kikilia kwenye skrini. Ikiwa programu ya redio ndiyo inayochelewa kuliko picha, simamisha picha badala yake, kama king'amuzi chako kinaruhusu. Mapumziko yakiisha rudia. Anayeishi nyuma ya kilima kuelekea Marangu au Ilboru atapambana pia na FM yenyewe, kwa kuwa mawimbi yake husafiri kwa mstari ulionyooka na mlima huyazuia.

Kuna dhuluma moja kwenye ubishi huu inayoniuma. Mpenja anahukumiwa kwa vipande vya sekunde 30 vinavyozunguka kwenye WhatsApp, na vipande hivyo huchagua mayowe na kuacha dakika 80 za kazi ya kawaida. Jongo anahukumiwa kwa kumbukumbu, na kumbukumbu huchagua mazuri. Hakuna kati yao anayesikilizwa mechi nzima. Kanda za RTD, ambazo TBC ilizirithi, zikisikika kwa mapana kama zilivyorekodiwa, pamoja na makosa yake na milio ya masafa, kijana wa Pasua angeweza kulinganisha kwa masikio yake badala ya kuamini baba yake. Na angesikia pia pengo lililokuwapo zamani na lililopo leo: wanawake kwenye kipaza sauti cha mechi yenyewe ni wachache mno. England nayo ilichelewa, Jacqui Oatley alikuwa mwanamke wa kwanza kutangaza mechi kwenye kipindi kikuu cha BBC mwaka 2007.

Kuhusu tuhuma za Usimba na Uyanga sitakaa sana. Zipo kwa kila mtangazaji, na kipimo chake ni kimoja: linganisha urefu na kimo cha sauti yake kwa goli la kila upande.

Kwa hukumu yangu, kwenye redio ya Kiswahili Jongo ni wa kwanza na Hilary wa pili, na umbali kati yao ni mdogo kuliko wazee wanavyodai. Jongo anashinda kwa kuuweka uwanja kichwani, Hilary anashinda kwa usafi wa kila neno. Mbotela ni wa tatu. Duniani, Morales yuko juu ya Drury kwa sababu alifanya yote mawili, maelezo na ushairi, kwa pumzi moja, bila picha ya kumbeba. Kwenye runinga ya Kiswahili Mpenja ana nafasi ya kwanza, na anaistahili. Uwanja mpya unaojengwa Arusha kwa ajili ya AFCON 2027 umepangiwa watazamaji wapatao 30,000, na mechi za mashindano hayo zitahitaji sauti zetu za redio na za runinga kwa wakati mmoja, kwenye uwanja uleule. Atakayetangazia skrini akiziacha sekunde tano baada ya goli zipite na kelele za Arusha peke yake, na wa redio akitaja nani kafunga kabla ya kitu kingine chochote, nitawasikiliza wote wawili.